Hita ya pili imetoboka Langoni: ni chumvi ya kisima, au ni ile fimbo ya ndani?

BibiWaDaka (Langoni, Lamu)
Salaam aleikum wana jukwaa.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne hapa Langoni. Jana alfajiri mgeni wa ghorofani aliniita, maji yanatiririka ukutani, mekundu kama chai ya rangi. Hita ya lita 50 imeoza tumboni. Imekaa miaka 2 na miezi 4. Iliyoitangulia ilikaa miaka 3.

Safari hii nilimwambia fundi asiitupe, aifungue nione. Alipotoa kifuniko cha chini ikatoka elementi ya kuchemshia maji, na kando yake waya mwembamba kama sindano ya kushonea mkeka, umeshikilia vipande viwili vitatu vyeupe vinavyomumunyuka kama chokaa ya tambuu. Nikamuuliza hiki nini. Akanambia, "Mama, hii ilikuwa fimbo nene kama kidole gumba. Imeliwa."

Nimenunua hita mbili na hakuna aliyenitamkia neno la fimbo, si muuzaji, si aliyekuja kuifunga. Sasa nasema, na mwenye kujua anisahihishe: kila hita ikifa hapa Amu tunalaumu chumvi. Mimi naona chumvi inasingiziwa. Kinachoziua ni fimbo isiyobadilishwa.

Barani_Boy (Malindi)
Waaleikum salaam. Mama, pole, lakini chumvi haisingiziwi. Mimi nimekaa Nairobi miaka minane, hita ya chumba nilichopanga haikuguswa na mtu na niliiacha ikifanya kazi. Nimerudi Malindi, nyumba yetu inatumia kisima, hita imeoza mwaka wa tatu. Kilichobadilika ni maji tu.

FundiBomba_Maweni (Malindi)
Nyote wawili mmeshika kweli, kila mtu na upande wake. Nieleze kidogo maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Tangi la hita za kawaida ni chuma. Ndani limepakwa enameli, ileile ya sahani nyeupe za mabibi zetu zenye ukingo wa buluu. Sahani ile ukiiangusha hubanduka punje moja, na baada ya wiki pale pana doa la kutu. Hapakuoza sahani nzima, pameoza palipobanduka. Tangi nalo halitoki kiwandani bila vitobo vidogo vya enameli, hasa kwenye maungio. Fimbo imewekwa kwa ajili ya vitobo hivyo. Inakubali kuliwa yenyewe ili chuma kisiliwe, na ikiisha zamu ni ya chuma.

Maji ya chumvi yanaifanya fimbo iishe haraka. Inachuja ile chumvi inayoingia, sasa ikizidiwa ndiyo inakwisha.

BibiWaDaka
Ahsante fundi, mfano wa sahani nimeuelewa vizuri sana. Lakini kwa nini iliwe fimbo na si tangi? Maji ni yaleyale, yanagusa vyote viwili.

Mwalimu_wa_Kemia (Malindi)
Naomba nimsahihishe fundi mahali pamoja kwa heshima: fimbo haichuji chumvi. Chumvi iliyoingia kwenye hita ndiyo hiyohiyo inayotoka bombani.

Swali la Bibi ndilo ninalowafundisha wanafunzi wangu. Kila metali ina hamu yake ya kuachia elektroni, na hamu hiyo hupimwa kwa volti. Magnesiamu ni −2.37, alumini −1.66, zinki −0.76, chuma −0.44, shaba +0.34. Ukigusanisha metali mbili kisha ukazizamisha katika maji yanayopitisha umeme, yenye namba ya chini zaidi huyeyuka, na kwa kuyeyuka kwake humpelekea mwenzake elektroni. Chuma kinachopokea elektroni hakishiki kutu. Fimbo na tangi vimekuwa betri, na betri hiyo inajilipia kwa mwili wa fimbo.

Chumvi inaingilia hapa: maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, basi betri hufanya kazi kwa nguvu na fimbo huisha mapema. Kwa hiyo Bibi na Barani_Boy hawapingani. Chumvi huila fimbo, kukosekana kwa fimbo hulitoboa tangi.

Barani_Boy
Mwalimu, bado ni chumvi basi. Mwenye kuanza vita ni nani?

Nahodha_Matondoni (Lamu)
Jambo hili sisi wa baharini tunalijua zamani. Kwenye mashine ya mashua, karibu na rafadha, kuna kipande cha zinki. Kinaliwa chenyewe, mashine inabaki. Ikifika nusu natoa naweka nyingine. Mpwa wangu mwaka juzi alipaka mashine rangi ikapendeza, akaipaka na zinki. Miezi haikuwa mingi, kasha la gia likafanya vishimo kama uso wa mwenye ndui, na zinki chini ya rangi ikawa nzima kabisa. Zinki haipakwi rangi, wala haipakwi grisi. Inataka kugusana na maji upande mmoja na chuma upande wa pili.

Bibi wa Daka, mimi ninazo zinki mbili mpya dukani. Njoo uchukue moja, fundi akufungie ndani ya hita. Bahari ina chumvi kupita kisima chako na zinki inaihimili.

Mwalimu_wa_Kemia
Nahodha, hisani yako nzuri, ila hapo nina wasiwasi. Zinki ikiwa kwenye maji ya moto, takriban nyuzi 60 na kuendelea, katika maji ya namna fulani hugeuka tabia. Hujifunika ngozi ngumu na namba yake kupanda juu ya ile ya chuma. Ikishageuka, chuma ndicho kinachoilinda zinki, yaani tangi linaliwa ili kipande chako kisalimike. Ndiyo sababu ndani ya hita utakuta magnesiamu, au alumini iliyochanganywa na zinki kidogo, si zinki tupu.

Mtu_wa_Meli (Mombasa)
Nimefanya kazi chumba cha injini miaka mingi. Kugeuka kwa zinki ni kweli, lakini hutokea zaidi katika maji yenye bikaboneti na nitreti nyingi. Kloridi na salfeti huzuia jambo hilo. Na kisima cha Lamu kilicho karibu na bahari kimejaa kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi. Kwa hiyo huenda zinki ya Nahodha isingegeuka kabisa.

Mwalimu_wa_Kemia
Nakubali kuhusu kloridi. Lakini visima vya mji mkongwe vina nitreti pia kwa sababu ya vyoo vya shimo vilivyo karibu. Nani anajua kipi kitashinda kwenye tangi la Bibi? Mimi nisingethubutu.

Kijana_Mkomani (Lamu)
Mai ya kisima cha kwetu hata chai haifai, hukatika maziwa. Tunaogea tu.

Barani_Boy
Mai au maji, ndugu yangu? 😄

Kijana_Mkomani
Mai. Njoo Amu nikuoneshe ndia, mui na mato vilevile, ukirudi Malindi utakuwa umejua Kiswahili.

BibiWaDaka
Haya wanangu, tusiache hita tukashika lahaja. Mimi nataka kujua, maji yangu ni ya kisima cha uani na wakati mwingine ya mfereji. Ya mfereji yanatoka visima vya machungani Shela. Hayo nayo yana chumvi kiasi gani?

Mtu_wa_Meli
Maji ya Shela ni mvua iliyozama mchangani na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji ya ardhini wana hesabu yao: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna takriban mita 40 za maji matamu. Hesabu hiyo inakwenda pande zote mbili. Mkivuta sana mkashusha ile mita moja, chumvi nayo inapanda kutoka chini. Kwa hiyo hakuna jibu moja. Baada ya mvua za masika maji yana ladha moja, mwisho wa kaskazi, wageni wakiwa wamejaa na pampu hazilali, yana nyingine.

Kwa kipimo: maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema yakizidi gramu 1 ya vitu vilivyoyeyuka ladha huanza kuchukiza. Ulimi wako ukishaisikia chumvi, ujue fimbo imeisikia kitambo.

Mlinzi_wa_Villa (Watamu)
Naomba kuingilia na swali langu. Ninatunza nyumba ya Mtaliano, anakuja Desemba anaondoka Machi. Mwaka huu nimefungua bomba la maji moto, yananuka yai viza. Ya baridi hayanuki. Kuna fundi amesema ni ile fimbo, akaitoa kabisa, harufu ikaisha. Nimefanya vibaya?

FundiBomba_Maweni
Ndugu yangu, umetibu harufu na umeliacha tangi uchi. Huyo fundi amekupunja. Rudisha fimbo haraka, lakini weka ya alumini na zinki badala ya magnesiamu.

Mwalimu_wa_Kemia
Kuna bakteria wanaoishi kwenye maji yasiyo na oksijeni na wanaokula salfeti. Wakiila hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ndiyo hiyo harufu ya yai viza. Fimbo ya magnesiamu inapoyeyuka huwaongezea haidrojeni, nao hufurahi. Hita iliyozimwa miezi mingi, ina uvuguvugu wa paa, ni makazi yao.

Kubadilisha fimbo husaidia. Kuichemsha hita juu ya nyuzi 60 kwa saa kadhaa kisha kuimwaga maji yote husaidia pia, maana hao bakteria hufa. Chunga watu wasiungue bombani.

BintiShela (Lamu)
Kwetu maji yote yananuka, ya moto na ya baridi. Fundi akataka kuuza fimbo mpya. Baba akakataa, akafunika kisima na kukitia dawa ya klorini, harufu ikapungua sana. Kwa hiyo kabla ya kununua kitu, nusa ya baridi kwanza.

Mlinzi_wa_Villa
Ahsanteni. Naagiza fimbo leo.

FundiBomba_Maweni
Mlinzi, usiondoke bado. Hita iliyofungwa wiki mbili au zaidi bila maji kupita, fimbo inaendelea kufanya kazi na gesi ya haidrojeni inaweza kukusanyika juu ya tangi. Haina harufu na inashika moto. Siku ya kufungua nyumba, kabla ya kuwasha kitu chochote, fungua bomba la moto liachie dakika kadhaa mpaka maji yatoke bila kukohoa. Usiwe na sigara mdomoni, wala jiko la mkaa lisiwe karibu. Nyumba nyingi za Casuarina zinafungwa msimu wa kusi wote na walinzi hawaambiwi hili. Wenye nyumba, waambieni.

Umeme_Safi (Malindi)
Mimi nina maoni tofauti na nyote. Ninafunga nyaya, na nimeona nyumba mbili jirani, kisima kimoja, hita za kampuni moja zilizonunuliwa siku moja. Moja imeoza mwaka wa pili, nyingine iko mpaka leo. Tofauti yake? Iliyooza haikuwa na erithi, yaani waya wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Umeme unavuja kidogo kwenye elementi iliyopasuka, unapita kwenye maji, unalila tangi. Tafuteni erithi kwanza, hayo ya fimbo baadaye.

Mwalimu_wa_Kemia
Umeme wa nyumbani hubadilisha mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Kinacholiwa nusu ya kwanza karibu chote hurudi nusu ya pili. Umeme wa betri au wa sola, unaokwenda upande mmoja, huo ndio mlaji hasa. Siamini kuvuja kidogo kutatoboa tangi kwa mwaka mmoja.

Umeme_Safi
Nimeona kwa macho yangu, Mwalimu.

Mwalimu_wa_Kemia
Nyumba zote mbili zilikuwa na watu idadi moja? Wanaoga maji ya joto moja? Fimbo zilikuwa sawa?

Umeme_Safi
Hilo la fimbo sikuangalia. Ila hata tusipokubaliana kuhusu kutu, hita isiyo na erithi inaua mtu. Hilo halina mjadala.

Mwalimu_wa_Kemia
Hapo tuko pamoja kabisa.

Kijana_Mkomani
Na shaba je? Nyumba nyingi za zamani zilizotengenezwa upya hapa Mkomani wamepitisha mabomba ya shaba, yamefungwa moja kwa moja kwenye hita. Mwalimu amesema shaba ni +0.34 na chuma −0.44. Si hapo ndipo penye ugomvi?

Mtu_wa_Meli
Umeuliza vizuri. Ndiyo, chuma kinachogusana na shaba ndani ya maji ya chumvi huliwa haraka, na kutu huanzia pale shingoni mabomba yanapoingia. Kwenye meli tunaweka kiungo chenye plastiki katikati ili zisigusane. Ila kwa mabomba ya plastiki yanayofungwa siku hizi sababu hiyo haipo. Bibi wa Daka, yako ni ya nini?

BibiWaDaka
Ya plastiki ya kijani. Na tundu liko chini kabisa ya tumbo, si shingoni.

Mtu_wa_Meli
Basi shaba haimo katika kesi yako. Chini ndipo mashapo yanapolala. Mchanga na ukoko wa chokaa vikijaa pale, fimbo haifiki vizuri. Mimi naona ni mashapo, zaidi ya mengine yote yaliyotajwa. Ulipofungua ulitoa kiasi gani?

BibiWaDaka
Karibu kopo zima la maziwa ya unga. Mchanga mwekundu na magamba meupe.

Barani_Boy
Sasa tuna washukiwa watano: chumvi, fimbo, erithi, shaba, mchanga.

Nahodha_Matondoni
Baba wa babu yangu alikuwa akisimulia habari za mtepe. Ulishonwa kwa kamba za kumbi, hauna msumari hata mmoja. Chuma na bahari hawakukutanishwa, basi hapakuwa na ugomvi wa kuamua. Majahazi ya misumari yalipokuja ndipo tukaanza kuvitunza vichwa vya misumari, tukavifunika, tukapaka deheni chini kila baada ya miezi.

Mtu_wa_Meli
Nahodha, na hili la fimbo lenyewe limetoka kwenye merikebu. Waingereza walikuwa wakifunika matumbo ya merikebu za vita kwa bati la shaba, na bahari inaila. Mwaka 1824 mwanakemia wao Humphry Davy akapendekeza kugandisha vipande vya chuma au zinki kwenye shaba hiyo. Shaba kweli ikaacha kuliwa. Lakini likazuka jipya: ilikuwa ni ile shaba inayoyeyuka polepole ndiyo inayowatia sumu mwani na viumbe vya magamba. Ilipoacha kuyeyuka, tumbo la merikebu likaota msitu na mwendo ukapotea. Wakaviondoa vile vipande. Kanuni yake ilikuwa sahihi, ikabaki, na leo iko ndani ya hita ya Bibi.

BibiWaDaka
Subhanallah. Miaka mia mbili watu wanaijua, na mimi nimeijua wiki hii kwa hasara ya hita mbili.

Nimenunua hita mpya. Fundi, hebu nieleze hatua kwa hatua namna ya kuikagua fimbo, mjukuu wangu anasoma mambo ya ufundi, atanisaidia.

FundiBomba_Maweni
Kwa hita ya ukutani kama yako, Mama:

Zima breka yake, si swichi ya chumbani peke yake, kisha mjukuu apime kwa bisibisi ya umeme ahakikishe. Iacheni ipoe, bora usiku kucha. Funga koki ya maji baridi. Fungua bomba la moto la chumbani ili hewa iingie, ndipo umwage maji kupitia valvu ya usalama au kwa kufungua bomba la chini. Lita 50 ni nyingi, andaa ndoo.

Toa kifuniko cha plastiki. Kabla ya kuchomoa waya wowote, piga picha kwa simu. Kisha fungua nati za kile kibamba kinachoshika elementi. Hapa ndipo watu huvunja. Nati zimeshikwa na chumvi, na wewe unakaza mkono. Usilazimishe. Tia mafuta ya kulegezea, subiri nusu saa, gonga taratibu, rudi mbele kidogo, rudi nyuma kidogo, mpaka ilie.

Kibamba kitashuka na elementi pamoja na fimbo. Pangusa. Fimbo ikiwa imepungua chini ya nusu ya unene wake, au waya wa ndani umeanza kuonekana, badilisha. Ikiwa imejifunika ukoko mgumu, kwangua. Safisha mchanga ndani kwa mkono. Mpira wa kuzibia ununue mpya, usirudishe wa zamani ukitegemea bahati.

Ukirudisha, JAZA MAJI KWANZA mpaka yatoke bombani mfululizo, ndipo uwashe umeme. Elementi ikiwaka bila maji inaungua papo hapo.

Na ukinunua fimbo, chukua ya zamani mkononi. Meno ya skrubu yako ya aina kadhaa, M5, M6, M8, na urefu mbalimbali. Ukisema "nipe ya lita 50" utapewa isiyoingia.

BintiShela
Fundi, kuna jirani alizungushia tepu na gundi nyingi kwenye meno ili isivuje. Mwaka wa pili akaitoa, ikawa nzima kama mpya. Akafurahi sana. Wiki iliyofuata tangi likatoboka.

FundiBomba_Maweni
Hilo nimeliona mara nyingi, inaniuma. Fimbo iliyotoka nzima si habari njema. Ina maana haikugusana na chuma, haikufanya kazi siku hata moja. Fimbo nzuri ni ile inayoliwa.

Umeme_Safi
Niongeze: kuna aina ambazo kiwandani fimbo imetengwa makusudi na kuunganishwa kwa waya mdogo. Usiusahau ule waya wakati wa kurudisha.

Kijana_Mkomani
Kwa nini tusinunue tangi la chuma kisichoshika kutu tu, tukaachana na mafimbo?

Mtu_wa_Meli
Kwa maji yenu? Kloridi ndiyo adui wake. Kile chuma hakishiki kutu kote, hutobolewa vishimo vidogo kama vya sindano, na penye welding kikipata joto na chumvi hupasuka mistari. Nimeviona.

Mlinzi_wa_Villa
Nimesikia kuna fimbo ya titani inayochomekwa kwenye umeme, haiishi.

Umeme_Safi
Ipo, ni nzuri, inasukuma umeme mdogo ndani ya tangi badala ya kuliwa. Lakini umeme ukikatika nayo inalala. Na nyumba iliyozimwa breka miezi tisa haina ulinzi wowote. Kwa nyumba yako ndugu yangu, hapana.

BintiShela
Punguzeni joto pia jamani. Kwetu ilikuwa imewekwa mwisho kabisa, 75. Nani anaoga maji ya 75 Lamu?

Mwalimu_wa_Kemia
Kweli, joto likipanda kutu hukimbia. Lakini usishuke sana ukabaki na uvuguvugu, bakteria wa mapafu wanaoitwa Legionella huzaliana humo. 60 panatosha.

BibiWaDaka
(Miezi mitano baadaye)
Salaam wana jukwaa. Nimeahidi moyoni kurudi, nimerudi.

Ijumaa iliyopita mimi na mjukuu tumefungua hita mbili kwa maelezo ya fundi. Nati ya tatu ilikataa, tukaiachia mafuta mpaka baada ya swala ya adhuhuri, ikalia kama paka, ikafunguka. Hita mpya ya ghorofani inatumia kisima cha uani. Fimbo ilikuwa nene kama kidole gumba, sasa ni kama kidole cha mwisho, na upande mmoja una shimo unaloweza kutia punje ya mchele. Miezi mitano tu! Hita ya chumba cha chini, ambayo nayo niliitia fimbo mpya siku ileile, inalishwa na birika la mvua. Fimbo yake karibu iko vilevile, imekwaruzika tu.

Basi Barani_Boy, nimerudi kukwambia chumvi ina mkono mkubwa kuliko nilivyodhani.

Barani_Boy
Shukran Mama! Nimesubiri sentensi hiyo tangu kusi.

FundiBomba_Maweni
Polepole. Chumba cha chini kililaliwa siku ngapi? Hita isiyotumika haipokei maji mapya wala moto.

BibiWaDaka
Cha chini kidogo sana. Wageni wanataka cha juu kwa ajili ya upepo.

Mwalimu_wa_Kemia
Na maji ya mvua hayana chumvi ya kutosha kubeba umeme. Fimbo kutoliwa humo yaweza kuwa salama, au yaweza kuwa haifiki kwenye vitobo vya mbali. Fimbo peke yake haitatuambia. Bibi, ulimulika ndani ya tangi la chini kwa tochi?

BibiWaDaka
Nilimulika. Kuna doa moja jekundu karibu na mshono, kubwa kama senti ya zamani.

Umeme_Safi
Na erithi ya chumba hicho?

BibiWaDaka
Itapimwa kesho inshallah.

Mwalimu_wa_Kemia
Fimbo ya juu uliyoitoa usiitupe, tafadhali. Jumapili nina safari ya Amu, nataka kuipeleka darasani waishike mkononi.

BibiWaDaka
Iko dakani, imefungwa kwenye gazeti. Na ukija, nipitie fimbo mbili za M6 pale Malindi, hapa zimekwisha. Nahodha atakupokea Mokowe.

Nahodha_Matondoni
Nitakuwepo gatini saa nne asubuhi. Mashua ya buluu.